Uzi: Tunaokimbia na kutembea alfajiri hapa Mombasa, riflekta ya kifuani peke yake haitoshi

MbioZaAlfajiri (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Jumanne ya wiki jana, na sitaliandika kwa ufupi kwa sababu najua humu tuko wengi tunaotoka nyumbani kabla ya jua.

Nakaa Kisauni. Huu ni mwaka wa nne nakimbia alfajiri. Nikishaswali natoka saa 11 na nusu, nateremka hadi Kongowea, navuka daraja la Nyali, naingia kisiwani mpaka Mama Ngina. Pale napumzika nikitazama meli zikiingia Kilindini, kisha narudi na matatu. Jumanne hiyo nilifuatana na mdogo wangu, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Alijiandaa kuliko mimi: raba mpya, na fulana ya ile rangi ya kijani inayowaka, ambayo mchana ukiitazama inakuchoma macho. Mimi nilivaa fulana ya kijivu iliyochakaa, lakini kwenye vifundo vya miguu nilikuwa na lastiki mbili zilizoshonewa tepu ya riflekta. Alinigawia rafiki yangu anayefanya kazi bandarini, nami nikazoea kuzivaa bila kuzifikiria sana.

Kabla ya kufika darajani pana kipande ambacho taa za barabarani zilikuwa zimezimika. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu kama hatua 10, damu changa. Tuktuk ikaja nyuma yetu. Mimi ilinikwepa mapema, ikarudi upande wake, na kioo chake cha pembeni kikampiga yeye kiwiko. Akaanguka kwenye mchanga. Alhamdulillahi ni michubuko tu, na mkono ulivimba siku mbili.

Dereva alisimama, akarudi mbio. Kijana wa rika langu, mikono inamtetemeka. Maneno yake nayakumbuka yote: "Wewe niliiona miguu yako inapiga hatua tangu kule nyuma, nikajua pana mtu. Huyu wallahi sikumuona. Nimeona kitu cheupe-cheupe kishafika kwenye kioo."

Fulana ya shilingi 1,500 haikuonekana. Vipande vya tepu vya bure viliniokoa. Tangu siku hiyo nasoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Rangi inayowaka si riflekta. Hizi rangi za kijani, manjano na chungwa zinazowaka huuchukua mwanga wa jua tusiouona kwa macho, ule wa urujuanimno, na kuutoa tena kama mwanga unaoonekana. Ndiyo maana saa 11 jioni, jua linapoelekea kuzama, mtu mwenye fulana hiyo anaonekana kama taa. Jua likiondoka, hana cha kugeuza. Taa za gari hazina mwanga huo wa kutosha, na chini ya zile taa kuukuu za barabarani za rangi ya manjano, kila kitu kinakuwa manjano na fulana yako inapotea humo humo. Na huku kwetu, nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua halina utani: likizama, kwa dakika 20 na kidogo giza limeshaingia. Alfajiri ni vivyo hivyo kinyume chake. Kwa hiyo muda ambao rangi hiyo inakufaa barabarani huku Pwani ni mfupi kuliko tunavyodhani.

Riflekta inafanya kazi kwa njia nyingine. Ile tepu ya fedha ukiitazama kwa karibu imejaa vishanga vya kioo vidogo kama unga. Mwanga ukiingia kwenye kishanga unapinda, unagonga nyuma, unarudi kulekule ulikotoka. Kioo cha kawaida kingeutupa upande mwingine, lakini tepu hii inaurudisha kwa mwenye taa. Dereva yuko karibu na taa zake, basi anakuona unang'aa, wakati mtu aliyesimama kando ya barabara haoni chochote. Ni kama macho ya paka uchochoroni ukimpiga tochi. Vile vijicho vinavyowekwa katikati ya barabara navyo vilibuniwa kwa mfano huo huo, na Mwingereza Percy Shaw, mwaka 1934.

Sasa lililonigusa zaidi. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, aliwafunga watu vitaa vidogo kwenye viungo: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Akawapiga picha gizani, vikawa vinaonekana vitaa tu. Waliosimama tuli walionekana kama nukta zilizomwagika. Walipoanza kutembea, kila aliyetazama alijua papo hapo kwamba huyo ni binadamu. Baadaye watafiti wa Australia na Marekani waliipeleka hoja hiyo barabarani usiku, na wakakuta kwamba tepu ile ile, kwa kiasi kile kile, ikihamishwa kutoka kifuani kwenda kwenye viungo vinavyocheza, dereva anamtambua mtu akiwa mbali zaidi sana.

Ndivyo alivyoniambia yule kijana wa tuktuk bila kusoma utafiti wowote: "Niliiona miguu yako inapiga hatua."

Nauliza wenzangu: nyinyi mnavaa nini? Na madereva mlioko humu, mnatuona vipi?

MtaaWaBuxton

Pole kwa mdogo wako, ndugu. Lakini nitasema kweli yangu. Kila siku mzigo unatupwa kwa anayetembea. Vaa hiki, funga kile. Taa za barabarani zimekufa miezi, njia ya miguu imejaa vibanda na pikipiki, mtu anateremka kwenye lami kwa sababu hana pa kupita. Anayeendesha mbio haambiwi kitu. Mimi sitaki kugeuzwa kibao cha barabarani ndiyo nipate haki ya kutembea kwenye mji nilikozaliwa.

MbioZaAlfajiri

Kaka, nakubaliana nawe neno kwa neno, na taa zile tuzidai kwa sauti. Nchini kwetu kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu, si wenye magari, na hilo halitibiwi na tepu. Dereva mlevi haoni hata nyumba. Lakini kesho saa 11 na nusu taa zitakuwa bado hazijawaka, na mdogo wangu atataka kutoka tena. Nitamtoa na tepu miguuni huku tukiendelea kudai.

Na hata wenzetu waliojaliwa taa na njia za miguu wanavaa. Ufini na Estonia sheria inamtaka mtembea kwa miguu awe na riflekta gizani. Wengi wao huining'iniza kwenye koti kwa kamba, inacheza mtu anapotembea. Kwetu sheria ya trafiki imemtaja mwenye pikipiki tu, yeye na abiria wake, wavae kofia na jaketi lenye riflekta. Sisi wa miguu tumeachwa tujijue.

DerevaWaChangamwe

Mimi ni wa upande wa pili wa hizo taa. Miaka 18 naendesha lori, natoa makontena bandarini, napita Changamwe hadi Miritini na kuendelea. Nimesoma uzi huu mara mbili na nimefurahi kuna mtu ameuliza tunaona nini, maana hatuulizwi.

Niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui. Huyo amesema mwanga unarudi ulikotoka. Ni kweli, lakini unarudi kwenye taa. Kwenye gari dogo, macho ya dereva yako juu ya taa kidogo tu, basi anapata sehemu kubwa ya mwanga huo. Mimi nimekaa juu. Taa zangu ziko chini kwenye bampa na macho yangu yako mbali nazo. Mwanga unaorudi mwingi unanipita chini. Kile ambacho kwa mwenye Probox kinang'aa kama nyota, kwangu mimi ni hafifu zaidi. Kwa hiyo ukijipima kwa gari la jirani ukaridhika, kumbuka barabara yetu imejaa malori ya bandari, na wewe unataka tukuone na sisi. Weka tepu ya kutosha, isiwe kamstari kembamba ka kwenye raba.

La pili ni breki. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unasema gari dogo likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, tangu dereva aone mpaka lisimame, linahitaji mita 53. Kilomita 64, mita 36. Hayo ni ya gari dogo, lami kavu, dereva macho. Mimi nina kontena mgongoni. Aliyevaa nyeusi, nikiwa nimeshusha taa kwa heshima ya anayekuja, namuona nikiwa nimeshamkaribia mno. Mwongozo huo huo unasema riflekta huonekana na dereva mwenye taa kutoka umbali unaofika mara 3 ya kitu kisicho na riflekta. Kwangu mimi hizo mara 3 ndizo nafasi ya kufanya kazi yangu.

La tatu, na hapa mwanzisha uzi amesema kweli tupu. Usiku barabara ina vitu vingi vinavyong'aa. Vibao, geti za watu, mkokoteni uliofungwa kipande cha tepu, trela limeharibika limeachwa pembeni. Mstari unaong'aa umetulia, kichwa changu kinasema "kibao", naendelea. Kinachopanda na kushuka, kushoto kulia, kushoto kulia, mguu wangu umeshafika kwenye breki kabla sijafikiri. Jaketi la kifuani mtu akitembea halichezi sana. Miguu inacheza.

Na tafadhali, kimbieni mkitazamana na magari. Kenya tunaendesha kushoto, basi wewe uwe kulia. Nyinyi wawili tuktuk ilikuja nyuma yenu, maana yake mlikuwa upande mbaya. Ukiniona nakuja na nimepitiwa, angalau wewe una macho, utaruka. Ukinipa mgongo, uhai wako umeuweka mikononi mwangu peke yangu, na mimi wakati mwingine nimeendesha usiku kucha.

MbioZaAlfajiri

Nimekusikia, kaka, na ni kweli tulikuwa upande mbaya. Nilizoea kushoto kwa sababu kule kulia pana mtaro wazi. Nimebadilisha njia tangu jana.

BuibuiNaRaba

Wenzangu, mimi nina swali la upande wetu wanawake. Tuko 7, majirani na mawifi, tunatembea kutoka Kizingo kuzunguka Mama Ngina hadi karibu na Feri na kurudi, kila siku isipokuwa Ijumaa. Mmoja wetu ana sukari, daktari kamwambia atembee, basi tukaamua tumfuate sote asichoke njiani. Mchana jua ni kali na hatutaki macho ya watu, ndiyo tunatoka na giza.

Tunavaa mabuibui. Meusi kutoka bega hadi unyayo. Hivyo vifundo vya miguu mnavyovisifia vimefunikwa, havionekani na gari wala na mtu. Mmoja wetu alijaribu jaketi la bodaboda juu ya buibui. Lile la plastiki halipitishi hewa, alipofika Lighthouse alikuwa ameloa jasho, na ukosi wake ulimkwaruza shingo mpaka ngozi ikachubuka. Akalivua akalibeba mkononi. Hataki kuliona tena.

Tufanye nini? Sitaki kuambiwa nivue buibui, hilo nimelisikia.

UshoniMajengo

Shangazi, hujambo. Hakuna wa kukuambia uvue kitu. Hapa ndipo kazi yangu ilipo, nipe nafasi nieleze pole pole.

Buibui lina faida ambayo suruali haina. Upindo wake unacheza. Ukitembea, upindo unapepea mbele na nyuma kwa kila hatua, kwa hiyo tepu ikikaa pale inaonyesha mwendo wa binadamu bila kifundo kuonekana. Nishawashonea wateja wawili namna hii, na mwenye buibui akiwa sebuleni hujui kama lina kitu.

Tepu nzuri ya kushona huja kwa upana wa sentimita 5. Hiyo ni nzito kwa kitambaa chepesi cha buibui, italivuta chini na upindo utakunjamana. Mimi naikata katikati nipate mbili za sentimita 2 na nusu. Naweka moja kuzunguka upindo wote, juu kidogo ya pindo, kama vidole 4 kutoka chini, isije ikasuguliwa na raba wala kuburuzwa kwenye matope. Izunguke, isiwe nyuma tu, maana gari linakuja pande zote. Nyingine naweka kwenye mikono, juu ya kifundo, nayo izunguke. Mkono unacheza ukitembea, hasa mkitembea kwa kasi ya mazoezi. Hapo gari linaona mistari 3 inayokwenda: upindo, mkono huu, mkono huu.

Nyuzi iwe ya poliesta, si ya pamba, kwa sababu pamba inaoza na jasho la huku kwetu. Mshono uwe mrefu kidogo, na upite ukingoni tu. Sindano ikipita katikati ya tepu inatoboa vile vishanga na kila tundu ni mlango wa maji. Asiyetaka kushonea buibui zuri, namtengenezea lastiki zenye velkro, anavaa kwenye mkono juu ya buibui, akifika nyumbani anavua.

Sasa kununua. Jihadharini na tepu zinazometameta tu. Kuna inayouzwa kwa mita, inang'aa dukani kama sahani ya alumini, na usiku haina kitu. Msimkasirikie muuzaji, wengi wao hawajui. Pimeni hivi: ingia chumba chenye giza, mwenzako ashike tepu akae mbali nawe hatua 10. Shika tochi ya simu kando ya jicho lako, pale kwenye panja, mmulike. Tepu ya kweli inawaka yote kama imewashwa umeme. Halafu sogeza tochi hiyo hiyo mbali na kichwa, unyooshe mkono wote pembeni, bado ukimmulika. Tepu ya kweli inafifia ghafla, maana mwanga sasa unarudi mkononi na jicho lako halipo hapo. Inayometameta tu haibadiliki sana. Au mpige picha na fleshi ya simu: tepu ya kweli kwenye picha inatoka nyeupe pee, mpaka sura ya aliyeishika haionekani vizuri.

Kwa jaketi zilizokwisha kushonwa, geuza ndani usome lebo. Za kazi zenye kiwango cha kimataifa zimeandikwa EN ISO 20471, na pembeni pana namba 1, 2 au 3, yaani daraja. 3 ndiyo ina eneo kubwa zaidi la kung'aa. Mara nyingi pana pia idadi ya juu ya kufua, kama 25 au 50. Hiyo idadi si mapambo. Ukishapita, usitegemee inang'aa kama mwanzo. Chagua ya wavu, inapitisha upepo, maana huku kwetu plastiki ni kujichemsha.

Kufua: usitumie Jik, usitumie dawa ya kulainisha nguo, usipige pasi juu ya tepu, usikamue kwa kusokota. Suuza kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Jasho likikauka linaacha chumvi juu ya vishanga, na upepo wa bahari unaongeza yake. Nimeletewa jaketi la kijana wa bodaboda, lina mwaka mmoja, kwa macho ya mchana bado lina mistari ya fedha. Nikalimulika, mstari wa mgongoni ulikuwa umekufa kabisa pale begi linaposugua, ukabaki kwenye mbavu tu. Mwenyewe hakujua. Alikuwa akipita kila usiku akiamini anaonekana.

BuibuiNaRaba

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Swali moja tu: na mvua? Masika sisi hatuachi, yule wetu wa sukari hawezi kukaa.

UshoniMajengo

Swali zuri. Tepu ya vishanga, maji yakikaa juu yake yanavuruga njia ya mwanga na mng'ao unapungua. Kuna aina nyingine, ya plastiki yenye vijichoro kama masega ya nyuki, inarudisha mwanga kwa pembe ndogo ndogo na haitumii vishanga. Hiyo inastahimili mvua vizuri zaidi, lakini ni ngumu, haipindi vizuri kwenye buibui. Iwekeni kwenye mikoba, kwenye miavuli, au kwenye lastiki za mkono. Na mwezi wa nne na wa tano, ongezeni taa ndogo ya kuwaka yenyewe.

KimvitaBaiskeli

Naunga mkono hoja ya taa. Riflekta inangoja kumulikwa. Gari lisilo na taa, na hapa mjini yapo, halikuoni hata ukijifunga tepu mwili mzima. Pikipiki iliyozima taa pia. Mimi kwenye baiskeli nina nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na vile viriflekta vya manjano kwenye pedali siwezi kuvitoa. Jamaa wengi wakinunua baiskeli nzuri wanavitupa wakiona vinaharibu umbo. Ndivyo vinavyopanda na kushuka! Mambo ni yale yale ya miguu.

Mkimbiaji naye awe na kitaa cha nyuma cha kubana kwenye ukosi. Cha mbele cha kichwani kisaidie kuona mashimo, lakini kielekeze chini, usimpofushe anayekuja.

KusiNaKaskazi

Nimesoma kimya kimya ila hapa sina budi. Mwezi wa Ramadhani ukiingia watoto wetu wanatoka taraweh vikundi vikundi usiku, kanzu nyeupe, na wazee wanasema nyeupe inaonekana. Inaonekana kuliko nyeusi, ndiyo, lakini si kwa umbali wa kutosha kwa gari lililo kwenye mwendo. Mkinunua tepu ya buibui, bakisheni vipande vya watoto. Nyuma ya ndara, nyuma ya begi la madrasa. Begi la mgongoni linafunika jaketi lote, hilo nalo watu wanalisahau: ukivaa begi juu ya riflekta ya mgongoni umejizima.

DerevaWaChangamwe

Ndara! Hilo sikulifikiria na nina watoto 4. Kisigino ndicho kinachoinuka kuliko vyote. Ahsante.

MtaaWaBuxton

Nimerudi. Bado nasimama na niliyosema juu ya taa na njia za miguu. Lakini jana usiku nilifanya ile ya tochi na jaketi langu la zamani la kazi, lile ninalovaa nikitoka zamu ya usiku. Mistari miwili ya mbele iko hai. Ya mgongoni imekufa, kama fundi alivyosema. Miaka mingapi natembea hivyo, sijui.

MbioZaAlfajiri

Wanajamvi, leo nimeleta jibu la macho. Jana baada ya Isha tulifanya jaribio. Hatukufanya barabarani, msije mkafanya barabarani. Nyuma ya mtaa wetu pana kiwanja kirefu cha mpira kisicho na taa. Jirani yangu ana tuktuk, akaisimamisha kwenye goli, akashusha taa, mimi nikakaa kiti chake. Mdogo wangu akaenda mwisho wa kiwanja, karibu na goli la pili, akawa anatembea kutujia huku akihesabu hatua kwa sauti kwenye simu.

Mara ya kwanza fulana yake ya kijani peke yake. Alianza hatua 120 kutoka kwetu. Nilimsikia kwenye simu nisimuone. Hatua 100, 80, 60, bado giza. Nilipoanza kuona kivuli kinasogea alikuwa amebakiza hatua 38. Jirani yangu, mwenye macho ya kazi hiyo, alisema 45.

Mara ya pili jaketi la wavu la kifuani juu ya fulana hiyo. Tangu hatua 120 niliona mstari unang'aa. Nikamwambia jirani, "Si yule pale?" Akajibu, "Nadhani ni nguzo ya goli, wameifunga tepu." Tukabishana mpaka hatua 70 na kitu ndipo sote tukasema ni mtu.

Mara ya tatu akavua jaketi, akavaa lastiki za vifundo vya miguu na za mikono, basi. Zile zile zangu, pamoja na mbili alizonishonea fundi wa humu. Hatua ya kwanza tu aliyoinua kule mwisho, jirani yangu akasema, "Huyo anakuja." Na mimi, naapa, nilijua ni yeye. Mdogo wangu tangu utotoni anatupa mguu wa kushoto nje kidogo akitembea, marehemu baba alikuwa akimtania kwa hilo. Sikuona uso wala mwili wala nguo. Niliona vitu vinne vyeupe hewani, na mguu wa kushoto ukitupwa nje. Nilinyamaza kidogo, jirani akaniuliza kama niko sawa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akituangalia. Tuliporudi alichukua lastiki moja akaizungusha kidoleni, akauliza kama zinapatikana za kwenda nazo sokoni Kongowea, maana yeye hutoka saa 10 usiku kuwahi bidhaa na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria anavuka barabara vipi.

Fundi wa Majengo, nahitaji jozi 4. Mbili za mama, ziwe pana, azivae juu ya leso.

UshoniMajengo

Jozi za mama ziko tayari kesho jioni, hizo sikutozi. Shangazi wa Kizingo, mabuibui 7 nitahitaji siku 3. Leteni Jumamosi asubuhi, na kila mmoja aje na raba atakazovaa, nipime upindo akiwa amesimama nazo.

BuibuiNaRaba

Tutakuja sote 7, inshallah, tena kwa miguu.